Mtoto aliyeingia ofisini bila dumu la maji

Kwa! Kwa-kwa! Kwa!

Hiyo ndiyo sauti iliyoniamsha asubuhi yangu ya kwanza kule juu, upande wa Newala. Plastiki tupu ikigonga plastiki tupu. Nikafungua dirisha. Nje ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hata mkorosho ulio mbele ya nyumba sikuuona. Sauti ikapita mbele yangu, ikateremka, ikafifia kuelekea bondeni. Miguu mingi. Minong'ono. Kicheko kimoja kilichozibwa kwa kiganja.

Sikumwona mtu.

Wakuu, salaam zenu popote mlipo. Mimi humu ni msomaji wa kimya, nacheka na vituko vyenu kisha nazima simu nalala. Leo nina la kwangu. Majina ya watu nimebadilisha na shule siitaji, maana watoto wenyewe bado wanasoma palepale. Mengine nayaweka kama nilivyoyaona. Kazi yangu ni kutunga, kwa hiyo najua vizuri utunzi unapoanzia, na kwenye uzi huu sijafika huko.

Kaeni vizuri, ni ndefu kidogo.

Mimi ni dada wa Kimakua, kwetu Lulindi, ila naishi Masasi mjini. Naandika riwaya. Ya kwanza ilisomwa na marafiki zangu na mama yangu mzazi, na mama aliruka kurasa. Ya pili ilinigomea kabisa. Nilikuwa nakaa mbele ya karatasi asubuhi nzima nasikiliza bodaboda za stendi, jioni inafika sina hata aya moja.

Mama mdogo wangu ni mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko vijijini. Akanipigia simu.

"Njoo huku kwenye baridi," akasema. "Kuna chumba. Kuna vitabu vya hadithi vimekaa kwenye maboksi na watoto hawana wa kuwasomea. Utawasomea mchana, jioni utaandika hayo mambo yako."

Nikapanda gari, nikaenda.

Kwa wasiopajua: Masasi iko chini, imezungukwa na vilima vya mawe. Newala iko juu. Gari linapanda mpaka masikio yanaziba. Ukifika unakuta upepo, mikorosho, muhogo, na mchanga unaomeza kila tone la mvua. Kila kitu kipo isipokuwa maji. Maji yako chini bondeni, na bonde lenyewe ukilitazama kutoka ukingoni unahisi kizunguzungu.

Sasa asubuhi ile nilivaa sweta nikatoka kufuata ile sauti. Nikasimama njiani nikisubiri. Ukungu ukaanza kupungua, jua likapata nafasi, ndipo nikawaona wanapanda kutoka bondeni, mmoja mmoja, madumu kichwani. Watoto wa shule. Sare nyeupe na bluu, kata za khanga kuukuu juu ya vichwa, maji yakiwachuruzikia mabegani. Walinisalimia bila kusimama: "Shikamoo." "Shikamoo." "Shikamoo." Nikaitikia marahaba mpaka mdomo ukachoka.

Wakapita shuleni moja kwa moja, wakaenda kwenye nyumba za walimu.

Mmoja, binti mdogo wa darasa la tatu, akaingia uani kwetu. Akamimina dumu lake kwenye pipa la bafuni. Wakati huo kengele ilikuwa imeshalia zamani, na darasani kwao walikuwa wameshaanza hesabu.

Nikarudi ndani nikaoga. Maji yalikuwa ya baridi, mazuri sana. Niliwaza tu baridi, sikuwaza zaidi ya hapo.

Mama mdogo alinieleza jioni, tunakula ugali wa muhogo na kisamvu.

"Ni mila ya hapa," akasema. "Zamani walimu walikuwa wakiletwa, wiki mbili wanaona hakuna maji, wanaondoka. Wazee wakakaa, wakasema mwalimu ni mgeni wetu, hatutamwacha na kiu. Kila siku watoto wa zamu kutoka kila darasa wanashuka kuchota. Mimi mwenyewe nimesoma shule ya jirani hapo, nimebeba hayo madumu mpaka utosi ukawa mgumu."

"Na vipindi vya asubuhi?"

Akatafuna kidogo.

"Vinapita," akasema.

Msimchukie mama mdogo, wakuu. Ni mwalimu kweli. Ila jambo ulilokua nalo ni kama harufu ya nyumba yenu. Mgeni ndiye anayeisikia.

Basi nikaanza kazi yangu. Chumba cha stoo tukakisafisha, tukaweka mikeka, kikawa cha hadithi. Huko ndiko nilikokutana na Somoe.

Somoe alikuwa darasa la sita. Mwembamba, miguu mirefu, jino moja la mbele limevunjika pembe. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akanitazama juu mpaka chini.

"Dada, wewe kabila gani?"

"Mmakua."

Akageukia wenzake. "Fungeni mikoba yenu. Mtani wangu huyu. Wamakua wakiingia kwenye nyumba, hata ming'oko yetu ya kuchimba porini inajificha yenyewe chini ya chungu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nami nikajibu, maana utani ukipigwa usipojibu umekubali: "Na ninyi Wamakonde ming'oko hamwachi hata maganda, itajificha wapi?"

Kuanzia hapo tukawa marafiki.

Niseme kidogo kuhusu utani, kwa wale wa mikoa ambako umeshakufa. Kwetu Mmakonde, Mmakua na Myao ni watani. Mtani anaweza kukuambia neno ambalo ndugu yako wa damu hathubutu. Anaweza kukunyang'anya kitu mkononi, na ukitaka kirudi unakikomboa kwa zawadi, hata kama ni kipande cha muwa. Huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Msibani ndio usiseme, mtani anakuja kumcheka marehemu mbele ya wafiwa na wafiwa wanafuta machozi wanacheka.

Kumbukeni hilo. Uzi mzima umesimama hapo.

Msimu wa korosho ulipoanza, ikaamuliwa shule iunde baraza la wanafunzi. Zamani viranja walikuwa wanateuliwa na walimu. Safari hii Mwalimu Chande, mwalimu wa nidhamu, akasema watoto wachague wenyewe. Alisema hivyo kwa moyo mmoja kabisa. Nadhani pia aliamini watamchagua Elia.

Elia alikuwa mtoto safi. Kola imenyooka, namba moja darasani, hajawahi kuchapwa. Siku ya kampeni alisimama mstarini akasema atasimamia usafi, nidhamu na mahudhurio. Walimu wakapiga makofi. Watoto wakapiga makofi kwa sababu walimu wamepiga.

Somoe akafuata. Kwanza akatembea kama Mwalimu Chande, mikono nyuma, kidevu juu. Watoto wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Mwalimu Chande mwenyewe akageuka pembeni akikohoa.

Halafu akasimama wima.

"Mimi sina ahadi," akasema. "Nina mdomo tu. Mkinipa neno la kupeleka, nitalipeleka. Nikiogopa, mninyang'anye uongozi."

Akaketi.

Kura nayo ilikuwa na kichekesho chake. Mwalimu Chande alitangaza kila mtoto atapiga kwa korosho moja, aidondoshe kwenye chungu cha anayemtaka, nyuma ya pazia. Mstari mzima ukalipuka kwa kicheko. Yeye anatoka bara, alikuwa hajaelewa. Akatazama mifuko ya kaptula iliyovimba, akatazama mikorosho iliyotuzunguka pande zote, akajipiga paji la uso. "Basi, basi! Mahindi!" Punje zikagawiwa mkononi, moja moja, mtoto akiwa hatua mbili kutoka kwenye pazia.

Chungu cha Somoe kikawa kizito kuliko cha Elia, bila hata haja ya kuhesabu. Walihesabu hata hivyo.

Baraza lilikutana kwenye chumba chetu cha hadithi. Wawakilishi wawili kila darasa. Mimi nilikuwa pembeni nashona vitabu vilivyochanika, niliombwa niwepo lakini nisiseme.

Mambo yakamwagwa. Mlango wa choo cha wasichana hauna komeo. Mpira mmoja umepasuka. Darasa la pili wanakaa watano dawati moja. Somoe alikuwa anaendesha kikao kwa vichekesho vyake, kila anayesema anapewa jina la utani.

Ndipo yule binti wa darasa la tatu akanyoosha mkono. Yule anayemimina maji kwenye pipa letu. Anaitwa Zuhura.

"Mimi sijui kugawanya," akasema.

Wengine wakacheka. Somoe naye alikuwa ameshafungua mdomo kumpa jina.

"Walifundishwa kugawanya siku nipo kisimani," Zuhura akaendelea. "Siku ya pili Mwalimu akasema tulishafundishwa. Siku ya tatu zamu yangu tena, kwa sababu Hadija aliteleza akaumia mguu, nikabeba lake. Sasa wote wanagawanya. Mimi naandika tu namba yoyote."

Waliocheka wakainamia mikeka.

Somoe akafunga mdomo wake polepole. Sijawahi kuona uso wa mtoto ukizeeka hivyo ndani ya dakika moja.

"Nani mwingine?" akauliza.

Mikono ikapanda. Mmoja, mwingine, mwingine. Hata Elia, aliyekuwa mwakilishi wa darasa lake, akanyoosha wake.

Wakakubaliana neno moja la kupeleka. Komeo na mpira vitasubiri. Neno ni maji. Wala hawakusema wasichote. Zuhura mwenyewe alisema, "Walimu wasipooga si watanuka?" Walichotaka ni kipindi cha kwanza.

Mkutano wa wazazi ulikuwa Jumamosi, uwanjani. Akina mama chini kwenye khanga, akina baba kwenye madawati, kamati ya shule mbele. Mwenyekiti wa kamati ni Mzee Kalembo, Myao, mtu mzima wa kofia nyeupe ya kufuma ambayo haivui hata usingizini, wanasema. Mtu mpole. Korosho zake ndizo zilizojenga vyoo vya walimu, watu wanamheshimu sana.

Ajenda ilipofika kwa wanafunzi, mama mdogo akamwita Somoe.

Nilikuwa nimekaa na akina mama. Mtoto wa darasa la sita, kijiji kizima mbele yake, anakwenda kugusa kitu kilichowekwa na babu zao.

Akafanya kitu ambacho mtu wa kwetu yeyote angefanya akiwa na neno zito na umri mdogo. Akakimbilia utani.

"Shikamooni!"

"Marahaba!"

"Mtani wangu Mzee Kalembo, mambo ya kwenu?"

Watu wakaanza kujiweka sawa. Mzee akatabasamu. "Sema, Mmakonde. Leo umeoga?"

"Hilo hilo ndilo lililonileta! Nasikia kwenu Uyaoni bwana harusi akishaoga siku ya ndoa, anafunga bafu mpaka apate mjukuu. Sasa sisi walimu wetu wanaoga asubuhi, wanaoga jioni, na maji yote yanapita kwenye utosi wangu. Angalieni shingo yangu ilivyoingia ndani! Mtani, nakuomba uwafundishe walimu wetu Uyao kidogo, ili na mimi niwahi hesabu!"

Wakuu. Uwanja ulivunjika. Akina mama walilaliana mabegani. Mzee mmoja aliangusha fimbo. Mwalimu Chande alifuta machozi. Mzee Kalembo mwenyewe alicheka mpaka akakohoa, na alipoinama kukohoa Somoe akaruka, akamvua ile kofia, akaivaa yeye.

"Nimeichukua! Mpaka utujibu!"

"Nenda nayo, mwizi wewe!" akasema Mzee huku kichwa chake kinang'aa juani. "Nitaikomboa kwa korosho za kukaanga. Mmakonde utamkataza wizi?"

Vigelegele. Makofi.

Na mama mdogo akasema, "Haya, tumeburudika. Ajenda inayofuata, bati la darasa la nne."

Basi.

Katibu hakuandika kitu. Ataandika nini? Utani hauandikwi.

Nilimtazama Somoe. Alikuwa bado amesimama pale mbele, kofia ya mzee imemfunika mpaka nyusi, akisubiri. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Watu walikuwa wameshaanza kuzungumza bei ya bati. Akashuka taratibu, akapita katikati ya akina mama waliokuwa wanampigapiga mgongoni: "Mtoto ana maneno huyu!" "Atakuwa mbunge!"

Zuhura alikuwa nyuma ya darasa na wenzake wa baraza. Niliwasikia kwa sababu niliwafuata.

"Wamesemaje?" Zuhura akauliza. Alikuwa mfupi, hakuona.

"Wamecheka," Elia akajibu. Akamgeukia Somoe. "Mwenyekiti wa vichekesho. Tungepeleka kasuku."

Somoe akaivua ile kofia, akaikunja, akaondoka. Yeye, ambaye hajawahi kukosa jibu.

Jumatatu sauti ikapita dirishani kama kawaida. Kwa! Kwa-kwa! Safari hii sikuweza kulala chini ya sauti ile. Nilipoingia bafuni nikakuta pipa limejaa, nikasimama mbele yake na kopo mkononi. Nilikuwa natazama kipindi cha kwanza cha Zuhura, kimetulia, kinang'aa, kinaakisi paa.

Mchana Somoe alikuja chumba cha hadithi, akakaa kizingitini, kofia iko kwenye mfuko wake wa daftari.

"Dada, wewe si unaandika vitabu?"

"Naandika."

"Watu wakicheka kitabu chako, unafurahi?"

Nikafikiri. "Inategemea wamecheka wapi."

Akatikisa kichwa muda mrefu.

"Mimi wamecheka palepale pa maana," akasema. "Ningesema bila utani wangenifukuza, nimekosa adabu. Nimesema kwa utani, wamefurahi. Sasa mtu anasemaje?"

Nina shahada, wakuu, nina na riwaya moja. Nilimwambia tu ukweli kwamba sijui. Akasema, "Sawa," akaomba sindano akanisaidia kushona vitabu.

Siku chache baadaye Mzee Kalembo akaja shuleni kukomboa kofia yake. Alikuja rasmi, kanzu imepigwa pasi, na mfuko wa korosho za kukaanga mkononi, bado za moto, harufu ikatangulia mpaka ofisini. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa. Mama mdogo akamkaribisha kiti. Mwalimu Chande alikuwa anasahihisha madaftari. Mimi nilikuwa kwenye kona napanga vitabu kwenye rafu mpya.

Mtoto akatumwa kumwita Somoe.

Mnapaswa kuijua ofisi ile. Mwanafunzi haingii ofisi ya walimu isipokuwa kwa mambo mawili: ameleta maji, au ameitwa kuadhibiwa. Kwenye pembe ya mlango kuna mtungi, na sakafu ya pale imelika kwa madumu ya miaka.

"Hodi."

"Karibu."

Akaingia. Mwalimu Chande hakuinua hata macho kutoka kwenye madaftari.

"Weka hapo pembeni," akasema, kalamu nyekundu inaendelea.

"Sijaleta maji, Mwalimu."

Kalamu ikasimama.

Sikuwahi kuisikia sauti ile ya Somoe. Haikuwa ya kujibu, wala haikuwa ya kuogopa. Ilikuwa tupu, kama chumba kilichotolewa vitu vyote kisha kikafagiliwa.

Akapiga goti kidogo kwa Mzee. "Shikamoo, Babu."

Mzee Kalembo akashtuka. Alikuwa amezoea "mtani". "Marahaba, mjukuu wangu. Haya, mwizi, nimekuja na fidia yangu." Akasogeza mfuko wa korosho.

Somoe akaitoa kofia kwenye mfuko wa daftari. Ilikuwa imefuliwa. Akaiweka mezani mbele ya Mzee kwa mikono miwili. Mfuko hakuugusa.

"Korosho sipokei, Babu."

"Hutaki? Kofia hairudi bure. Utani una sheria zake."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana narudisha bure. Leo sikuja kama mtani."

Wakuu, sijui nitawaelezaje uzito wa neno hilo kwa mtu asiye wa kwetu. Mzee alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kofia. Mkono ukabaki hewani. Kisha akaurudisha, akauweka gotini, akakaa vizuri kama mtu aliyeambiwa kuna taarifa.

"Sema, mwanangu."

"Nimetumwa," Somoe akasema. "Hatukatai kuchota maji. Walimu ni wageni wetu. Tunaomba tuchote jioni, tukishatoka darasani. Na wadogo wa kuanzia la kwanza hadi la nne wasishuke bondeni, Hadija aliteleza mpaka leo anachechemea. Kipindi cha kwanza tuwemo wote. Kuna watoto hawajui kugawanya na si wajinga. Walikuwa kisimani."

Mama mdogo alikuwa ameinamisha uso, anatazama mikono yake.

Mwalimu Chande akavua miwani. "Na asubuhi sisi tunaoga nini?"

"Ya jana, Mwalimu," Somoe akasema. "Nyumbani kwetu sote tunaoga ya jana."

Nilimwona Mzee Kalembo. Kicheko kilimpanda mpaka shavuni, kwa mazoea. Akakikamata. Akakimeza. Nimeona wazee wakizuia machozi, lakini mzee kuzuia kicheko kwa heshima ya mtoto, ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Nitakatiza hapo kidogo niwape mrejesho, maana najua mtaniuliza.

Walikaa kikao mchana uleule, na safari hii katibu aliandika. Wadogo hawashuki tena bondeni. Wakubwa wanachota jioni, na majirani wa nyumba za walimu wamejiwekea zamu ya kusaidia. Si kwamba mambo yote yamenyooka. Kuna mwalimu alinuna mwezi mzima. Kuna asubuhi mapipa yalikauka na madumu yakaanza kugongana tena gizani kwenye ukungu, na Somoe akarudi kupiga hodi. Zuhura nilimfundisha kugawanya kwa korosho, chini kwenye mkeka. Ilimchukua mchana mmoja tu. Mchana mmoja, wakuu.

Nimerudi Masasi. Riwaya inaandikika, ingawa imegeuka kuwa kitu kingine kabisa. Asubuhi nikifungua bomba nasubiri kidogo kabla sijanawa.

Nilichojifunza ni hiki. Kumpa mtoto nafasi ya kusema ni rahisi. Unaweka chungu, unagawa mahindi, unapiga makofi. Tunapenda sana watoto wanaosema, tunawarekodi kwa simu, tunasema huyu atakuwa mbunge. Kazi inaanza siku anaposema bila kutuchekesha. Siku hiyo ndiyo tunajua kama tulichagua kiongozi au tulijitafutia burudani.

Nipeni ya kwenu. Shuleni kwenu viranja walichaguliwa na nani? Yupo aliyewahi kupeleka neno la wenzake kwa walimu, na alipokelewaje? Watani wangu Wamakonde na Wayao, najua mtakuja kunichamba, njooni. Walimu mliomo humu nanyi msikae kimya, nataka kusikia upande wenu kuhusu maji.

Ila ngojeni nimalizie pale nilipokatiza, maana ndicho kitu nilichoondoka nacho.

Alipomaliza kusema, hakusubiri jibu. Hakuna aliyemwambia nenda. Akasema, "Nimefikisha," akapiga goti kidogo, akageuka. Mfuko wa korosho ulikuwa bado mezani unatoa mvuke. Akapita kwenye ule mtungi pembeni, na kwa mazoea mkono wake ulipanda kichwani kushika dumu lisilokuwepo. Akaushusha.

Mlango wa ofisi ile huwa unaachwa wazi, kwa sababu watoto wanaotoka huwa wamebeba vitu. Yeye mikono yake ilikuwa mitupu. Akatoka, akaushika kitasa kwa nje, akaufunga nyuma yake, polepole, mpaka ukasikika umeingia.